Ufunguo wa Nati Uko Wapi?



Leo nina swali la gari. Kama nyumbani kwenu kuna gari, hata kama si lako, ukimaliza kusoma toka nje, uchuchumae kando ya gurudumu moja na uangalie nati zake. Ukikuta zote zinafanana, shukuru Mungu, lakini usiniache bado, maana jambo lenyewe haliishii kwa magurudumu. Ukikuta moja haifanani na wenzake, ni ya mviringo, haina pembe sita, ina mchoro kama ua au meno madogo yaliyoizunguka, hiyo ni nati ya loki. Wili spana ya kawaida haiishiki. Inafunguliwa na ufunguo wake peke yake, kijisoketi kifupi kama kidole gumba. Upande mmoja kina mchoro unaoingiana na nati hiyo, upande wa pili kina pembe sita za kushikwa na spana.

Kijisoketi hicho kiko wapi? Na ni nani mwingine hapo nyumbani anayejua kiliko?

Nieleze kwanza nati hizi zilifikaje kwetu. Magari mengi tunayoendesha huku Meru, Tharaka-Nithi na Embu yalitumika Japani kwanza. Kiwango chetu cha KS 1515 hakiruhusu gari lililopita miaka 8 kuingia nchini, kwa hiyo tunapokea gari ambalo tayari limekuwa na bwana wake. Bwana huyo alinunua rimu nzuri za alumini, akaogopa wezi, akaweka nati moja ya loki kila gurudumu, yaani nne kwa gari zima. Baadaye gari likaingia mnadani, likapanda meli, likashuka Mombasa, likapita kwa ajenti, likakaa yadi, likauzwa. Ufunguo wakati mwingine husafiri nalo kwenye mkoba wa jeki. Wakati mwingine umebaki kwenye droo ya mtu huko Japani. Gari linafika Gakoromone linang'aa, redio bado inaongea Kijapani, na hakuna anayejua kwamba magurudumu yake hayatoki.

Wengine wamezifunga hapa hapa. Umelala, umeamka, gari limekaa juu ya mawe na rimu zimekwenda. Baada ya hapo lazima ununue loki, na mimi sikulaumu. Lakini nati haimjui mwizi wala haimjui mwenye gari. Inajua ufunguo tu.

Mama mmoja wa kanisa letu amenipa ruhusa niwaeleze yaliyompata, mradi nisitaje jina. Mumewe alikuwa mzee wa kanisa. Tulimzika mwaka jana na mimi ndiye niliyeongoza ibada. Alikuwa mtu wa maombi, mtoaji, mtu ambaye hukuhitaji kumkumbusha ahadi yake ya harambee. Gari alilinunua yeye, akalipeleka kwa fundi yeye, hata kuliosha alikuwa hamwachii mtu. Mama alijua kuendesha, basi baada ya mazishi likabaki mikononi mwake.

Siku moja alikuwa anatoka Embu kuja Meru. Ndani ya gari alikuwa na mama mkwe wake aliyetoka kliniki, na wajukuu wawili. Akapita Runyenjes, akavuka Thuci, akapita Chuka. Kabla ya kuanza kushuka Nithi, gurudumu la nyuma la kushoto likaisha pumzi. Ninyi mnaopita barabara hiyo sihitaji kuwaeleza ule mteremko. Julai 2022 basi lilitumbukia pale darajani, watu zaidi ya 30 wakafa, na huo haukuwa msiba wa kwanza pale. Si mahali pa kusimama saa kumi na mbili jioni na mtu mzee anayetetemeka kwa baridi, huku malori yakishuka yakilia breki.

Huyu mama si mtu wa kukaa akingoja mwanamume. Jeki alikuwa nayo. Spea ilikuwa na pumzi. Zile pembetatu mbili za kuakisi mwanga akazitoa, akaziweka barabarani. Akalegeza nati ya kwanza, ya pili, ya tatu. Ya nne spana ikateleza juu yake kama inazunguka hewani. Kijana wa boda boda akasimama kumsaidia, akamulika na simu, akasema, "Mathe, hii iko na kii yake. Iko wapi?"

Hakuwa amewahi kusikia kwamba kuna kitu kama hicho. Wakatafuta kwenye mkoba wa jeki, chini ya spea, kwenye droo ya dashibodi, mifuko ya milango, chini ya viti. Walipata risiti za mafuta, kalamu, peremende zilizoyeyuka zikagandamana, na lile Agano Jipya dogo la mzee. Ufunguo hapana. Ndipo akanipigia simu, na alichoniambia sijakisahau: "Pasta, huyu mtu tulikaa naye miaka thelathini na moja, na hakuniambia habari ya nati moja."

Niliposikia hivyo nilijua halii kwa ajili ya gurudumu.

Boda boda akawapeleka nyanya na watoto kwa familia ya kanisa hapo Ndagani. Mimi nikatoka upande wa Meru, nikapitia Chogoria, nikamchukua fundi. Ni kijana mdogo, hana cheti ukutani, hana hata ukuta wenyewe, kazi yake ni chini ya mti. Wapendwa, mnajua napenda kuhubiri juu ya Bezaleli. Kabla ya Samsoni, kabla ya manabii wakubwa, Kutoka 31 inatueleza habari za fundi aliyejazwa Roho wa Mungu ili afanye kazi ya dhahabu, fedha, shaba, mawe na mbao. Tunaombea wahubiri wapakwe mafuta, na fundi tunamwombea apunguze bei. Jioni ile nilisimama na tochi nikawa mwanafunzi.

Jambo la kwanza alilofanya lilinishangaza. Zile nati tatu ambazo mama alikuwa amezilegeza, alizikaza tena. Nikadhani hajaelewa shida. Akanieleza bila kuinua kichwa: zile nyingine zikiwa zimelegea, gurudumu lote linaning'inia kwenye nati moja. Inabanwa na rimu, inajishikilia, inakuwa ngumu mara mbili. Ukizikaza zile tatu zinabeba mzigo, na ile ya loki inapata nafasi ya kupumua. Halafu gurudumu liwe chini, lisiwe juu ya jeki, breki ya mkono imevutwa na jiwe limewekwa kwenye tairi la upande wa pili. Anayepiga nyundo gari lililo juu ya jeki mahali pa mteremko anatafuta kuzikwa.

Pili, aliishika ile nati kwa vidole akajaribu kuizungusha. Kuna loki ambazo zina pete ya nje inayozunguka bure, kusudi mwizi akigonga kitu juu yake kizunguke bila kushika. Hiyo pete lazima ivunjwe kwanza kwa tindo, ndipo uifikie nati yenyewe. Hii yetu haikuwa nayo.

Tatu, akafungua kopo lake na kutoa soketi kuukuu. Alijaribu tatu. Alitaka ile ambayo ni ndogo kidogo kuliko nati, isiyoingia kwa mkono, ya pembe kumi na mbili. Nikamuuliza kwa nini kumi na mbili. Akasema zina meno mengi ya kuuma. Na kwa nini kuukuu? "Kwa sababu hii ikiingia huenda isitoke tena, Pasta." Akavaa miwani, akaniambia nigeuze uso. Nati hizi zimetengenezwa kwa chuma kigumu sana, na kipande kikiruka kinaenda jichoni moja kwa moja. Akaigonga soketi kwa nyundo, imenyooka, si kwa hasira, mpaka sauti ikabadilika. Kwanza ilikuwa inalia kwa juu, mwishowe ikawa nzito. Hapo akajua imeshika mpaka ndani. Akaweka mpini mrefu, akauongezea bomba la chuma, akaanza kuvuta kuelekea kushoto, polepole, uzito wote bila kushtua. Kwa muda hakuna kilichosogea. Halafu ikalia kama mlango wa ghala la zamani, ikaachia.

Nikataka kusema haleluya, yeye tayari alikuwa analegeza zile tatu.

Najua wengine mtasoma hapa mkiwa mmekwama barabarani, kwa hiyo acha niwapitishe kwenye njia nyingine alizonieleza tukirudi. Kuna soketi maalumu zenye mkunjo ndani unaoelekea kinyume. Kadiri unavyovuta kushoto ndivyo zinavyozidi kuuma. Nairobi zinapatikana kwa wauza vifaa vya magari, na fundi wa magurudumu anayejiheshimu anastahili kuwa na seti moja. Kuna kutumia tindo na nyundo: unagonga pembeni ya nati kuelekea upande wa kufungua mpaka izunguke. Hiyo inafaa kama nati imetokeza nje. Kama imezama ndani ya tundu la rimu ya alumini, utaitoboa rimu na nati itakuangalia tu. Kuna kutoboa kwa drili, lakini chuma kile kinakula ncha za drili kama mahindi ya kuchoma.

Halafu kuna kuchomelea. Fundi anachukua nati ya kawaida, anaichomelea juu ya loki, anaifungua kwa spana. Inafanya kazi, na ule moto wenyewe unasaidia kulegeza. Lakini nawasihi. Moto wa kuchomelea karibu na tairi lililojaa pumzi unaweza kulipua tairi, na tairi likilipuka si mchezo, linaua. Kama hakuna njia nyingine, tairi litolewe pumzi yote kwanza, terminali ya betri ifunguliwe, na anayeshika mashine awe ni mtu anayejua anachofanya. Mkiambiwa na mtu wa njiani kwamba ni dakika mbili tu, mwambieni asante na mmngoje mwingine.

Nilimuuliza fundi yule kama haogopi kuharibu nati ya watu. Akacheka. "Pasta, nati imeshakufa. Kazi yangu ni stadi na rimu zisife pamoja nayo." Stadi, kwa wasiojua, ni ile bolti iliyosimama kwenye habu, ambayo nati hujifunga juu yake. Ikikatika unafungua mpaka ndani, unaigonga itoke, unaingiza nyingine, na jioni ile pale Nithi hapakuwa na nyingine. Rimu ikipasuka ni pesa ndefu. Kwa hiyo tangu mwanzo alikuwa ameamua akilini mwake ni kipi kinaweza kuvunjika na ni kipi lazima kipone.

Maneno hayo yamenikaa. Nimeona wengi wakija kufungua nyumba ya mjane. Ndugu za marehemu wanakuja na nyundo yao: shamba ligawanywe sasa, gari liuzwe sasa, wewe mama uko upande gani? Watumishi wa Mungu nao wanakuja, sisi wenyewe, na kesha la kuvunja vifungo, tunapiga kelele usiku kucha juu ya mtu ambaye alihitaji tu kusaidiwa kuandika barua. Wote wanagonga kwa nguvu. Wachache wanajiuliza stadi ni nani hapa. Stadi ni yule mama. Rimu ni wale watoto. Siri za mzee zinaweza kuvunjwa, hata jina lake zuri linaweza kukwaruzika kidogo, yeye yuko na Bwana na hana neno. Lakini mama akikatika, nyumba haisimami tena kwenye magurudumu yake. Na kabla hujamgusa, kaza zile nati tatu. Nani anabeba karo ya mtoto mwezi huu? Nani analala naye wiki za kwanza? Nani anampeleka nyanya kliniki? Mzigo ukiwa umeshikwa na wengine, hata yeye atafunguka, na hutahitaji nyundo kubwa.

Sasa ninyi kina baba, sogeeni karibu.

Someni 2 Wafalme 4. Mwanamke anamjia Elisha akilia. Mumewe amekufa, na mwanamke anamkumbusha nabii kwamba marehemu alikuwa mcha Mungu, mmoja wa wana wa manabii. Hata Elisha alimjua. Lakini ameacha deni, na mdai amekuja kuwachukua watoto wawili wawe watumwa. Tunapenda kuruka tufike kwenye mafuta na vyombo. Mimi nataka tukae hapa kwanza. Mtu anaweza kumcha Mungu kweli kweli, na mkewe akabaki peke yake mbele ya mdai. Uchaji wa marehemu haupingwi mahali popote katika sura hiyo. Na deni pia lipo pale pale. Elisha naye hakuanza na maombi. Alimuuliza mama ana nini nyumbani. Swali la hesabu.

Mzee wetu alikuwa mcha Mungu. Nilisema hivyo mazishini na ninasema tena. Ufunguo wa nati ulipatikana wiki mbili baadaye, stoo, ndani ya kopo la misumari, umefungwa kwa kitambaa cha mafuta ili usishike kutu. Aliutunza vizuri kuliko wengi wenu mnavyotunza vyeti vya ndoa. Alimficha mwizi, na mwizi hakuupata. Mke naye hakuupata.

Kwa nini wanaume wa kwetu tuko hivi? Wengine tulilelewa kwamba mwanamume hamwambii mtu kila alicho nacho. Wengine wanaogopa, na nimesikia kwa masikio yangu ofisini, kwamba mke akijua mali yote ataanza kuombea kifo chako. Kama huo ndio uhusiano wenu, njoo tuzungumze, shida yako si nati. Na kina mama, msicheke sana. Kuna wenye pesa za chama ambazo mume hajui hata siku ya mkutano.

Lakini kuna sababu nyingine, na hii ni ya kwetu sisi watu wa Roho. Tumefundishana kwamba kusema kifo ni kukiita. Ukimwambia mtu aandike wosia anakwambia, "Nakataa kwa jina la Yesu." Angalieni habari za Hezekia, 2 Wafalme 20. Mfalme ni mgonjwa wa kufa. Isaya anatumwa kwake, na ujumbe ni kwamba apange mambo ya nyumba yake kwa sababu anakwenda. Hezekia akageukia ukutani akaomba, na Mungu akamwongezea miaka 15. Neno la kupanga nyumba lilitoka kwa Mungu yule yule aliyeongeza miaka. Sijaona mahali Hezekia alikemea shauri la Isaya kama roho ya mauti.

Yule mama, tangu jioni ile ya Nithi, alianza kuuliza. Kama kulikuwa na nati asiyoijua, kuna nini tena? Tulikaa naye mezani na mwanawe wa kwanza na daftari. Sitaeleza yaliyo yao. Nitawaeleza tu tuliyojifunza, kwa maana ni ya wote. Sheria ya Urithi, Sura ya 160, inataka familia iende mahakamani kupata idhini ya kusimamia mali ya marehemu asiyeacha wosia. Ombi hilo huchapishwa kwenye Gazeti Rasmi la serikali, na watu hupewa siku 30 za kupinga. Mambo hayo yanawezekana, hata kwa mtu wa kawaida, lakini yanamtaka mtu ajue ni mali gani anayoiombea. Huwezi kuiombea akaunti usiyojua ipo. Na pesa zikilala kwa muda mrefu benki, kwenye sako au kwa kampuni ya bima bila mtu kuziulizia, Sheria ya mwaka 2011 inasema zipelekwe kwa Mamlaka ya Mali Isiyodaiwa, UFAA, iliyoko Nairobi. Hazipotei. Ziko pale, na familia inaweza kwenda kuzidai, na kutafuta jina kwenye tovuti yao hakuna malipo. Lakini ni vigumu kujua utafute nini wakati aliyekuwa akijua hakusema. Mjane anauza ng'ombe alipe karo huku pesa za mumewe zimekaa Nairobi zikimngoja.

Mengine ni madogo kuliko hayo, nayo ndiyo hukwamisha watu. Nambari ya uanachama ya sako. Mtu uliyemkopesha, na mtu aliyekukopesha. Risiti ya ploti uliyolipa nusu. Mahali ulipoweka hati ya shamba, na kama iko kwa wakili, wakili gani. Hutakiwi kubandika haya ukutani. Mtu mmoja, wawili, wajue daftari liko wapi.

Nirudi kwenye gari nimalize, maana wengine mmeshatoka nje kuangalia.

Kama una loki na ufunguo upo, jaribu leo kama unaingia kwenye nati zote nne, usingoje panchari. Seti nyingi huja na kadi ndogo yenye nambari ya siri ya mchoro, na kampuni kama McGard hutumia nambari hiyo kukutengenezea ufunguo mwingine. Piga kadi picha, mtumie mke wako, mtumie mwanao. Ukipeleka gari kwa fundi wa tairi, mwambie loki afungue kwa mkono. Ile mashine ya upepo inavunja ufunguo. Na kabla ya kuondoka pale, mwulize ufunguo uko wapi na uuone kwa macho, maana funguo nyingi hubaki sakafuni kwa fundi, mwenyewe anafika nyumbani akifikiri anao.

Kama ufunguo haupo, zitoe sasa, ukiwa mjini, mchana, fundi ana vifaa na wewe huna haraka. Yule mama alizitoa zile tatu zilizobaki kwa ufunguo wa kopo la misumari, akaweka nati za kawaida kila mahali. Akaniambia wezi wakitaka rimu wachukue, yeye anataka gurudumu linalotoka. Sibishani naye.

Ukinunua nati mpya usibebe yoyote inayong'aa. Yale meno ya ndani, ambayo mafundi huita thredi, hayafanani. Toyota nyingi ndogo hutumia milimita 12 kwa 1.5. Nissan na Subaru nyingi hutumia 12 kwa 1.25. Isiyo yake itaingia mizunguko miwili halafu ikaze, na kijana mwenye haraka ataisukuma kwa mashine na kuharibu stadi. Iingie kwa vidole mpaka karibu na mwisho. Angalia pia sehemu inayokaa kwenye rimu: nyingine ni ya mteremko kama faneli, nyingine bapa na ina washa yake. Nenda na moja ya zamani uilinganishe. Kukaza pia kuna kipimo, Toyota nyingi ndogo ni takriban nyutonimita 103, na huo si uzito wa mtu kurukaruka juu ya spana. Baada ya kwenda kama kilomita 80, simama ukaze tena. Kutoka Meru ukishafika Runyenjes umezipita, kwa hiyo Chuka panatosha.

Jumamosi hii baada ya maombi ya asubuhi yule fundi wa Chogoria atakuwa kwenye uwanja wa kanisa mpaka saa saba mchana. Nimemwomba aje na kopo lake la soketi kuukuu. Atamlipa kila mtu kwa kazi yake mwenyewe, kanisa halitalipa, na msimpunguzie bei. Kila baba aje na gari, ufunguo wa nati kama anao, na mke wake. Mama ndiye atakayefungua gurudumu, baba atashika tochi. Wajane na walio peke yao, Idara ya Vijana itawasaidia kupanga foleni, na upande wa jikoni kutakuwa na meza, madaftari, kalamu na wakili wetu mmoja wa ushirika ambaye amejitolea masaa mawili kujibu maswali ya hati na urithi. Wenye pikipiki pia mje. Chai ipo, na mtu alete mandazi.